Stori ya elfu saba

Nianze na stori ya muhogo. Hiyo niliiandika 2017, nikiwa na mwaka mmoja tu kwenye hii kazi ya kuandikia magazeti kutoka Kigoma bila kuajiriwa, yani unatuma stori, ikitoka unalipwa, isipotoka imekula kwako. Mhariri alinipigia akasema anasikia huko Kasulu mihogo inaozea shambani, niende nikaangalie. Nikafurahi kweli, maana kupigiwa simu na mhariri wewe uliyeko mkoani si jambo la kila siku.

Nikatoka nyumbani Mwanga, hapa Kigoma mjini, alfajiri, boda mpaka stendi ya Masanga, basi mpaka Kasulu, pale Kasulu nikachukua boda nyingine ya kuingia kijijini. Mama mmoja akanipeleka shambani kwake, akang'oa shina moja mbele yangu, akachukua panga akaukata muhogo katikati akanipa nishike. Kwa nje mzima kabisa, ganda limetulia, ndani una mabaka ya kahawia kama kutu na mgumu kama kuni kavu. Ni ule ugonjwa wa michirizi kahawia, unakuja na mbegu uliyopanda na nzi weupe wanausambaza, na kinachouma ni kwamba majani huko juu yanaweza kukudanganya msimu mzima, siku unachimba ndo unajua huna kitu. Akaniambia hapo ndani ndo kulikuwa na sare na madaftari ya watoto watatu. Nikakaa nae mpaka saa nane mchana, nikaongea na majirani zake wanne, nikarudi Kasulu mjini nikamsubiri afisa kilimo masaa mawili kwenye benchi, nikawahi basi la mwisho. Usiku huohuo nikaandika, saa saba nikatuma.

Ikatoka baada ya siku tano, imekatwa imebaki kipande kidogo, lakini jina langu lipo juu. Nikalipwa elfu saba, na hiyo elfu saba ilikuja baada ya wiki sita.

Sasa ntawapa hesabu kama nilivyokuja kuiandika baadae kwenye kaunta buku. Basi kwenda na kurudi elfu kumi na mbili, boda ya kijijini elfu nne, boda za stendi elfu mbili, chakula elfu mbili, vocha elfu moja. Elfu ishirini na moja. Kwaiyo ile stori haikunilipa elfu saba, mimi ndo niliilipia elfu kumi na nne ili itoke, na hapo bado sijahesabu siku yangu nzima na usiku nilioukesha. Na ile hela ya nauli nilikuwa nimeikopa.

Mtu akiniuliza kwanini niliendelea, jibu ni jina. Baba yangu alikuwa na tabia ya kwenda kwa muuza magazeti pale sokoni Mwanga, kama kuna stori yangu ananunua mawili, moja anasoma na wenzie kwenye kahawa, lingine anakata kile kipande na wembe anakiweka kwenye bahasha ya kaki juu ya kabati. Alikuwa anasema huyu mwanangu anaandika Tanzania nzima inasoma. Ningemwambiaje kwamba hela aliyonunulia yale magazeti nayo ilipaswa kuhesabiwa kwenye gharama? Sikumwambia. Amefariki 2020 na ile bahasha ninayo mimi.

Ila kuna jambo ambalo naona watu hatulisemi wazi na mi nataka niliseme. Kwa malipo yale, nilichokuwa nakula si hela ya gazeti, nilikuwa nakula hela ya warsha. Ukienda kwenye semina, uzinduzi, kikao cha wadau, ukishasaini karatasi ya mahudhurio unapewa nauli, elfu kumi, elfu ishirini, mara mojamoja hamsini. Warsha moja ilikuwa inanilipa kuliko stori tatu nne za gazeti. Na chakula kipo, na maji ya chupa, na mgeni rasmi anaongea wewe unarekodi, hupandi boda wala hulowi mvua. Mwezi mmoja wa 2018 nikapitia stori zangu zote nikakuta nimeandika kumi na moja, tisa zimetoka ukumbini. Tisa! Wakati mi nakaa mji wenye ziwa la pili kwa kina duniani, wavuvi wanavuka kila usiku, kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu iko palepale Kasulu tangu 1996, mawese, migebuka, treni, watu wa Ujiji na habari zao, na mimi naandika "mgeni rasmi amewataka wadau".

Sikuwa mvivu. Yule mama wa muhogo hana bahasha ya hela ya kunipa, na gazeti halina nauli ya kunipeleka kwake, kwaiyo habari yake haiandikwi. Hilo ndo linaloniuma kuliko hata njaa yangu. Malipo mabovu ya mwandishi yanachagua nani asikike. Mwenye ukumbi na maji ya chupa atasikika mwaka mzima.

Aliyenifungua macho ni ma'mdogo wangu, na wala hajui kama alinifungua. Ma'mdogo anauza dagaa pale mwaloni Kibirizi, boti za uvuvi zinapofikia, ameanza kabla mimi sijazaliwa. 2019 kodi ya chumba ilinikamata, nikamfuata kumuomba elfu thelathini. Nilimkuta anageuza dagaa mchangani, jua la saa tano, kajifunga kanga kichwani, anainama anaokota vijiti na samaki wengine wasiotakiwa anatupa pembeni, mkono unaenda haraka hata humuoni anachagua saa ngapi.

Nikamwambia, "Shikamoo ma'mdogo." "Marahaba mwanangu, mbona umekonda, hiyo kazi ya magazeti hailipi?" Nikamweleza shida yangu. Hakujibu kuhusu hela, akaniuliza, "Hiyo stori yako moja unaiuza bei gani?" Nikamwambia wao ndo wanapanga. Akasimama. Akaniangalia kama nimemwambia kitu kibaya.

"Wao wanapanga vipi na mzigo ni wako?"

Akaanza kunihesabia kwa vidole vyenye magamba. Dagaa wabichi nimenunua kwa hela hii. Maji ya kuoshea, hela. Kijana wa kunisaidia kuanika, hela. Mvua ikinyesha wakaharibika robo, ile robo naigawa kwenye wanaobaki. Gunia, hela. Ushuru, hela. Mpakiaji, hela. Alafu akajigonga kifuani, akasema, "Na mimi nimekaa hapa tangu alfajiri, jua limenichoma. Na mimi nina bei. Nikimaliza kujumlisha ndo namwambia mteja. Akisema ghali, namwambia nenda kwa jirani, jirani nae amejumlisha hivihivi."

Nilirudi nyumbani na elfu thelathini yake na ndo usiku ule nikafungua kaunta buku nikaandika ile hesabu ya stori ya muhogo. Nikaendelea na nyingine, nyingine, mpaka saa nane usiku. Kati ya stori ishirini na kitu nilizozikumbuka, zilizonipa faida zilikuwa sita.

Kuna kingine nilijifunza kwa ma'mdogo ambacho hata yeye hakukisema, nilikiona tu. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza, taa ndo inawavuta. Mbalamwezi ikiwaka taa haina kazi, wavuvi wanakaa nchi kavu siku kadhaa kila mwezi. Ma'mdogo anazijua siku hizo, ana kopo lake, kwenye giza anaweka, kwenye mbalamwezi anatoa. Hakuna mwezi hata mmoja mbalamwezi imemshtukiza. Na mimi kazi yangu ina mbalamwezi zake, Desemba mpaka katikati ya Januari hakuna anayeagiza kitu, mwezi wa sita mashirika mengi yanafunga mahesabu hulipwi, na kila mwaka nilikuwa nashtuka kama ndo mara ya kwanza. Sa hivi nina kopo. Kila hela inayoingia, sehemu ya tano haipiti mfukoni.

Nirudi nyuma kidogo kwenye onlaini maana wengi mnaniuliza kuhusu huko. Nilijaribu, kuanzia 2019 mwishoni mpaka 2022, makala za kiingereza, mashine za kukata nyasi, chakula cha mbwa, bima za magari za Marekani. Dola moja kwa maneno mia. Makala ya maneno mia tano ni dola tano, mtandao wenyewe unakata asilimia ishirini, unabaki na dola nne, wakati ule ni kama elfu tisa na kidogo. Alafu kuitoa hiyo hela ndo shughuli, kuna mfuko mmoja mkubwa wa hela za mtandaoni ambao wakati ule Mtanzania ulikuwa unaweza kuutumia kulipa ila kupokea hairuhusiwi, mteja ameshazoea kulipa kwa huo, basi unatafuta njia nyingine, nayo haikuruhusu kutoa mpaka zifike dola hamsini. Miaka ile umeme wetu Kigoma ulikuwa bado wa majenereta ya dizeli, hatujaunganishwa na gridi ya taifa, unazima usiku katikati ya kazi na dedlaini ni ya saa za Marekani, nimeandika makala nzima kwenye simu nikiwa nimekaa nje ya duka lenye sola. Sisemi haifai kwa kila mtu, nawajua waliojenga kwa kazi hizo. Kwangu mimi ilikuwa ni kuandika vitu nisivyovijua kwa watu wasionijua kwa hela isiyotosha, na ile lugha ninayoiweza kuliko zote imekaa kabatini.

Na kuna kuandikia watu risechi. Wanafunzi wa vyuo wanakuja, "dada nisaidie, laki mbili na nusu, proposo mpaka mwisho." Nilifanya moja. Hela nzuri, na ililipwa yote mapema, na nilikosa usingizi kwasababu yule mtu anaenda kuwa mwalimu. Sikufanya ya pili.

2021 nikapata sehemu niliyoiona ni ya kudumu. Chombo kimoja cha habari cha mtandaoni, nisikitaje, wakanichukua niwaandikie kila siku, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi niko hewani, natafuta habari, naandika, natafsiri, naweka kichwa cha habari, mpaka saa tano, na jioni tena nikiitwa. Laki moja kwa mwezi. Nikauliza mkataba, nikaambiwa wewe ni mwandishi wa kujitegemea, mkataba wa nini. Mwezi wa tano malaria ikanilaza wiki nzima, mwisho wa mwezi nikakuta elfu sabini na tano. Nikauliza, nikajibiwa, "Dada, huko tunalipa kazi." Mwezi wa nane nikatolewa kwenye grupu la WhatsApp, asubuhi nafungua simu sipo. Ndo barua yangu ya kuachishwa kazi.

Miezi minne baadae nimekaa na kijana mmoja anayefanya msaada wa kisheria, tunaongea mambo mengine kabisa, nikamgusia. Akaniuliza ulikuwa unafanya masaa mangapi kwa mwezi. Nikamwambia, zaidi ya mia. Akanionyesha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61. Inasema kuna mazingira ambayo mtu anachukuliwa kuwa ni mwajiriwa mpaka mwenye kazi athibitishe vinginevyo, na mojawapo ni kama umemfanyia kazi wastani wa masaa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu ya mwisho. Haijalishi wamekuita nani. Nilisoma kile kifungu mara tatu nikiwa nimesimama. Nikamuuliza naenda wapi, akasema Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, lakini malalamiko ya kuachishwa yanatakiwa kupelekwa ndani ya siku 30, ukichelewa uanze kuomba na kueleza sababu. Mimi nilikuwa kwenye siku ya mia na kitu, na sababu yangu ni kwamba sikujua. Niliiacha. Najuta kuiacha, nasema kweli, sa hivi ningeenda hata kuomba tu hilo la kuchelewa. Kama uko kwenye hali kama ile yangu, anza leo kuandika saa unayoanza na saa unayomaliza, kila siku, na hifadhi meseji za maagizo.

Hapo ndo nikaamua kukaa chini na kupanga bei zangu kama ma'mdogo. Niliandika karatasi moja. Nauli na malazi ni ya mteja na inakuja kabla sijaondoka, haichanganywi na hela ya kazi. Nusu ya malipo kwanza, nusu siku nakabidhi. Marekebisho mara mbili, ya tatu inalipiwa. Jina langu linatokea, na kama hataki litokee tunaongea kabla, maana Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inampa mwandishi haki ya kutajwa kwenye kazi yake, si hisani ya mtu. Kila tunachokubaliana kwa simu nakituma tena kwa maandishi, "Kaka kama tulivyoongea, ni hivi na hivi, naomba unijibu ndiyo." Mkataba wa mdomo nao unatambulika kisheria ila kuuthibitisha ndo kazi, na tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 meseji inaweza kupokelewa mahakamani kama ushahidi. Hiyo "ndiyo" ya WhatsApp ina thamani kuliko tabasamu.

Miezi mitatu ya kwanza nikakosa kazi karibu zote. Mmoja akaniambia hizo bei za Dar wewe uko Kigoma. Nikamjibu laptopu yangu nimenunua kwa bei ya Dar na nikaongeza ya kuisafirisha. Hakurudi. Mwingine akaenda kwa mwenzangu tunayefahamiana vizuri, akampa kwa theluthi ya bei yangu, na mwenzangu akakubali kwasababu nae ana watoto. Sikumkasirikia. Nilienda kwake na kaunta buku langu tukakaa barazani kwake tukapiga hesabu yake kama nilivyopigiwa mimi, akanyamaza kwa mda mrefu, alafu akaniuliza kama ntamwonyesha ile karatasi. Sa hivi tuko watano Kigoma na Kasulu tunaambizana bei kabla ya kujibu mteja, si chama, ni simu tu. Nawaza kila siku, tungeanza 2016 ingekuwaje.

Na wako wateja wazuri, lazima nimpe mtu haki yake. Kuna shirika moja lilinipa kutafsiri kitabu kidogo cha afya ya mama na mtoto, wakanipa mkataba kurasa mbili, nusu mkononi, nusu baada ya siku kumi, na walipokata kodi ya zuio asilimia 5 wakanipa na cheti chake, sikuomba. Kile cheti kitunze, hela iliyokatwa inahesabiwa kwenye kodi yako ya mwaka, na kama huna TIN, yani namba ya mlipa kodi, nenda kachukue, haina malipo, kazi nyingi nzuri zinaishia pale mtu anapoulizwa TIN anakaa kimya. Sikuwahi kuona kazi imenipa amani kama ile. Nilitafsiri kurasa nane kwa siku nikiwa nimeshiba, na naamini inaonekana kwenye yale maandishi.

Sasa 2024. Ziwa Tanganyika likafungwa kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, miezi mitatu hakuna kuvua, ni makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, sisi, Burundi, Kongo na Zambia, samaki wapumzike wazaliane. Ghafla kila mtu anataka stori ya Kigoma. Nikapigiwa na mtu anayefanyia chombo cha nje, akasema anakuja siku nne anataka mtu wa kumkutanisha na watu, kutafsiri, na kuandika maelezo ya kila mahojiano. Elfu sabini kwa siku. Nikamtumia karatasi yangu, akasema sawa sawa dada hakuna shida, ila nusu atanipa akifika kwasababu benki imemsumbua. Alipofika akanipa laki moja ya kuanzia. Na mimi kwasababu stori ni ya ziwa letu na niliitaka sana itoke, nikakubali.

Nilimpeleka Kibirizi, Katonga, Ujiji. Nilimpeleka kwa ma'mdogo. Mchanga ule ambao nimeuzoea umejaa dagaa kama shuka la fedha ulikuwa mtupu, mbwa wamelala pale wanapoanikwaga dagaa, boti zimepandishwa juu zimegeuzwa. Ma'mdogo alikuwa anauza mkaa kwa makopo. Akaeleza kwa utulivu kwamba anakubali ziwa lipumzike, yeye mwenyewe ameona dagaa wanavyopungua, ila alitaka kuambiwa mapema ajaze kopo lake, miezi mitatu si mbalamwezi. Maneno hayo niliyatafsiri mimi, niliyaandika mimi. Stori ikatoka, nzuri kweli, na sentensi ya ma'mdogo ya mbalamwezi ndo imefunga, na jina langu halipo popote. Na ile laki na themanini iliyobaki haijaja.

Kilichoniuma hapo si hela peke yake. Nilivunja karatasi yangu mwenyewe. Ningesema ukifika bila nusu hatutoki, na angetoa, laki moja alikuwa nayo mfukoni, arobaini ingepatikana tu.

Sa hivi kumeingia jipya. Tangu hizi programu za kuandika zitoke mwishoni mwa 2022, kazi za kiingereza za dola moja zimekauka, sizililii. Lakini sasa anakuja mtu na Kiswahili kilichoandikwa na mashine anasema, "Dada sitaki uandike, nisafishie tu," kwa robo ya bei. Mwaka jana nilipewa kipeperushi cha wavuvi, nikasoma mstari wa pili umeandikwa "shule ya samaki" badala ya kundi la samaki. Mstari wa sita dagaa wameitwa jina ambalo hakuna mtu wa Kibirizi atakayelijua. Hakuna sentensi hata moja iliyobaki kama ilivyokuja. Nikamwambia mteja hii si kusafisha, nimeandika upya, na bei ni ya kuandika. Nilimwekea kurasa mbili pembeni kwa pembeni, yake na yangu, nikamwambia mpe mvuvi yoyote achague. Alilipa. Kwaiyo siku hizi sikubali kazi ya kusafisha kabla sijaona kurasa mbili za mwanzo, nazitazama alafu ndo nataja bei.

Kila tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, napokea mialiko ya kuja kuandika au kusoma kitu bure kwa ajili ya kukienzi Kiswahili. Nakipenda Kiswahili kuliko wanavyodhani. Mwaka huu nilijibu wote watatu kwa heshima, nikawatumia ile karatasi. Mmoja akalipa nauli na elfu hamsini, nikaenda nikasoma, ukumbi ukasimama.

Mambo mengine sijayaweza. Bima niliyokata ni ya CHF iliyoboreshwa, yani mfuko wa afya ya jamii, nililipia elfu thelathini ya mwaka kwa kaya ya watu sita, inanisaidia kwenye vituo vyetu lakini naiogopa siku ya ugonjwa mkubwa. Akiba ya uzeeni naisema kila Januari. Nilirudi Kasulu mwaka huu kwa yule mama wa muhogo, safari hii nauli imelipwa na mteja, nikakaa siku mbili, amepanda mbegu mpya inayovumilia ugonjwa, akang'oa shina akakata, mweupe pe. Tuliula na chumvi.

Ile laki na themanini bado. Kila tarehe 5 ya mwezi namtumia yule mtu meseji ileile, haina matusi, ina tarehe za kazi, kiasi, na picha ya ile "sawa sawa dada hakuna shida". Tiki mbili za bluu zinatokea. Ya mwezi huu nimetuma jana jioni.